Dawa Iliyobaki Kabatini

Shangazi, mwanangu ana miezi 14. Akipata homa na kikohozi, nanunua amoksilini ya maji duka la dawa. Akichangamka naacha, chupa naitunza kwa homa nyingine. Mume wangu anasema kwenda hospitali ni kupoteza hela. Je, nakosea?
Mama wa Mmoja, Morogoro

Ndiyo, mwanangu, unakosea, na nakuomba uache leo. Dawa ya maji ikishachanganywa haikai muda mrefu. Halafu hujui unatibu nini: homa ile yaweza kuwa malaria au virusi, na amoksilini haitibu hata kimojawapo.

Ninachokiogopa zaidi ni bakteria wakiingia kwenye damu. Zahanati nyingi hazina maabara ya kuotesha vimelea. Hata penye maabara, majibu huchukua siku mbili au zaidi, na mtoto aliyezidiwa hawezi kuyasubiri, hivyo daktari huanza na dawa anayodhani itafaa. Bakteria waliozoeshwa dozi nusunusu huishinda, na saa zinapotea. Utafiti uliofanyika hospitali ya Muhimbili na kuchapishwa 2007 ulionyesha kwamba kati ya watoto waliolazwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu, karibu 44 kwa kila 100 walifariki. Kwa malaria walikuwa 20. Pale bakteria walipokuwa sugu kwa dawa, hatari ya kifo iliongezeka. Watoto wale wananiuma mpaka leo.

Homa ijayo, mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake, zikifika 40 mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Zisipofika, bado homa inahitaji kipimo cha malaria. Lakini kifua kikibonyea chini ya mbavu, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, ni hospitali moja kwa moja, hata usiku wa manane. Akipewa dawa, mmalizie dozi kama ulivyoelekezwa.

Angalia pia kadi ya kliniki. Chanjo ya nimonia hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Kama alirukwa, muulize muuguzi.

Baba yake mwambie hivi: kwa sera ya serikali, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma. Dawa zikikosekana mtanunua nje, ni kweli, lakini mtanunua ile iliyoandikwa na mtu aliyempima. Na hiyo chupa ya kabatini, mwanangu, iondoe leo.