Magurudumu manne yanakupandisha, lakini hayakusimamishi



Wakati mmoja wa mvua walituletea kwenye dispanseri watu watatu waliotoka katika pikapu moja. Wa kwanza alivunjika mguu, wa pili bega. Hao wawili walikuwa wamekaa nyuma, juu ya mizigo. Wa tatu, shofere, alikuwa na jeraha dogo la mkono. Nilipokuwa nikimsafisha alirudilia neno moja tu: «Lakini, munganga, ni 4x4!» Alikuwa amepanda mlima wa udongo mwekundu bila shida. Wakati wa kushuka upande wa pili alikanyaga freni kwa nguvu, magurudumu yakakamatika, na motokari ikateleza yenyewe mpaka ndani ya mtaro.

Shofere huyu hakuwa mlevi wala mjinga. Alikosa kujua jambo moja, na jambo hilo ndilo fundisho letu la leo.

1. Tujifunze kwa watu wa theluji

Wenye kuuza motokari za 4x4 wanapenda kutuonyesha picha ya motokari ikipanda mlima mweupe wa theluji. Theluji iko hata Kongo, juu ya kilele cha Ruwenzori, metre 5109, lakini hakuna njia ya motokari inayofika kule. Katika Uswisi, Kanada na Japani ya kaskazini, watu wanaendesha juu ya theluji kila mwaka. Theluji iliyokanyagwa na magurudumu mengi inakuwa laini kama sahani. Ikianza kuyeyuka, maji yanakaa juu yake, nayo inateleza zaidi. Udongo wetu mwekundu ukilowa unafanya karibu vilevile. Kwa hiyo yale waliyojifunza wao milimani yanatufaa sisi pia.

2. Aina tatu za 4x4

Aina ya kwanza: magurudumu ya mbele unayaunga mwenyewe. Hizi ni kama Toyota Land Cruiser ya namba 70 na Hilux nyingi. Kila siku zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mbele ya mlima wa theluji au matope, shofere anavuta mkono wa pili wa vitesi, na katika nyingine anashuka kwanza kufunga vitovu vya magurudumu ya mbele. Hapo mbele na nyuma vinazunguka pamoja. Inapanda vizuri sana, tena ina vitesi vifupi vya kwenda polepole. Ubaya wake: ukisahau kuunga, una motokari ya magurudumu mawili tu. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, basi itazunguka pale pale. Na kwenye lami kavu usiiache imeungwa, maana itasumbua meno ya vitesi, na kona zitakuwa ngumu.

Aina ya pili: magurudumu yote manne yanavuta siku zote. Ndiyo Range Rover tangu 1970, na Land Rover One Ten tangu 1983. Katikati kuna meno yanayogawa nguvu ya motere mbele na nyuma. Kwenye theluji isiyo sawasawa inatulia, kwa sababu shofere hangoji kuunga kitu. Lakini meno hayo yasipofungwa, gurudumu moja likiteleza, nguvu inakimbilia kwake na mengine yanasimama. Kwa hiyo fungia chini, kabla ya mlima. Usingoje mpaka umekwama katikati.

Aina ya tatu: motokari inajiunga yenyewe. Ni kama Honda CR-V na Nissan X-Trail. Kwa kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele. Yakianza kuteleza, ya nyuma yanaitwa kusaidia. Kwa theluji kidogo kwenye njia ya mji inatosha. Juu ya mlima mrefu msaada unaweza kuchelewa kidogo, na chombo kinachounganisha nyuma kikipata moto sana kinaweza kuacha kazi mpaka kipoe. Tena haina vitesi vifupi.

3. Kupanda si kusimama

Sasa shika neno hili. Motokari ya magurudumu mawili inapanda kwa uzito ulio juu ya magurudumu hayo mawili tu. Ile ya manne inatumia uzito wake wote, basi inapanda vizuri zaidi. Lakini freni ziko kwenye magurudumu manne ya kila motokari, hata taxi ndogo! Wakati wa kusimama, 4x4 haina kitu cha zaidi. Kinachoshika ardhi ni mipira tu.

Angalia hesabu. Motokari inakwenda kilometre 40 kwa saa. Kwenye lami kavu, freni zinaisimamisha karibu metre 9. Kwenye theluji iliyokanyagwa, mahali pa sawa, karibu metre 31. Kwenye theluji ileile, katika mteremko unaoshuka metre 10 kwa kila metre 100, karibu metre 63. Mteremko ukizidi mara mbili hivyo, haisimami kabisa. Na hapo hatujahesabu njia inayopita kabla mguu haujagusa freni.

Hatari ya 4x4 inatoka hapo. Inakupandisha mpaka mahali ambapo motokari ndogo ingekataa, halafu inakuachia mteremko.

4. Namna ya kushuka

– Simama juu kabisa, utazame njia yote mpaka chini.
– Aina ya kwanza na ya pili: ingiza vitesi vifupi, mbele na nyuma vikiwa vimefungwa pamoja. Acha motere izuie mwendo. Usikanyage ambreyaji.
– Aina ya tatu: tumia kitesi cha kwanza, na kitufe cha kushukia mlima kama kipo. Mteremko ukiwa mkali, rudi utafute njia nyingine. Si haya.
– Magurudumu yakikamatika na freni ni za zamani, legeza mguu kidogo. Gurudumu lisilozunguka halisikii usukani.
– Ukishindwa kupanda, usigeuze katikati ya mlima. Rudi kinyumenyume, moja kwa moja, kwa kitesi cha nyuma.

5. Tazama mipira

Motokari nyingi tunazonunua zimetumika kwanza Japani, na nyingine zinakuja na mipira ya theluji. Tafuta ubavuni picha ya mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani, au neno STUDLESS. Mipira hiyo ni ya baridi, chini ya digrii 7. Mikato yake midogo inashika theluji, lakini matope yetu yanaijaza. Kwenye lami yenye joto inaisha upesi, na motokari inachelewa kusimama. Kama unayo, weka feza ya kuibadilisha kabla ya kununua redio.

6. Neno la munganga

Hakuna mtu juu ya mizigo, hata kama soko ni karibu. Motokari ikipinduka, wa nyuma anatupwa nje. Ndani, kila mtu afunge mkanda.

Ukikuta ajali, zima motere kwanza. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi. Mwenye kulia shingo au mgongo usimvute mikono wala usimkalishe. Mwache alivyolala, shika kichwa chake kisigeuke, na mtu mwingine akimbie kuita ambulansi. Kama moto unakaribia, hapo tu mwondoe, watu wengi pamoja, mwili ukiwa umenyooka.

Maswali ya nyumbani

Watoto, mwulizeni baba jioni hii:
1. Motokari yetu, au ile ya kazi, ni aina ya ngapi?
2. Kwa nini 4x4 haisimami upesi kuliko motokari nyingine?
3. Ni kitesi gani cha kushukia mlima wenye matope?

Baba asiyeweza kujibu asome tena sehemu ya 3 na ya 4 kabla ya mvua kunyesha. Ule mguu uliovunjika ulichukua miezi mingi kupona. Kuingiza vitesi vifupi ni kazi ya dakika moja.