Mume wangu alikufa kazini, nina haki gani?

SWALI: Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akafa katika ajali akiwa safarini kikazi. Mwajiri ametoa sanduku, usafiri na ubani, kisha akasema tumemalizana. Nina watoto wawili. Je, ndiyo mwisho?
Mjane, Kibaha

JIBU: Pole sana, mama. Hapana, si mwisho. Ubani ni ubinadamu; fidia ni haki, na hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na waajiri peke yao.

Tuseme marehemu alikuwa akipata shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kipimo ni pensheni ambayo angelipwa kama angepata ulemavu kamili wa kudumu: asilimia 70, yaani 700,000. Mjane hupata asilimia 40 ya hiyo, ambayo ni 280,000, na kila mtoto asilimia 20, 140,000. Nyumba yako ingepokea 560,000 kila mwezi. Watoto wangekuwa wanne, mafungu yangepunguzwa yasivuke ile 700,000. Gharama za mazishi zina fungu lake.

Mafao ya warithi ya NSSF ni dai jingine kabisa. Usikubali kuambiwa uchague moja.

Kusanya cheti cha kifo, cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za mshahara na taarifa ya polisi. Na usisaini karatasi yoyote ya “kumalizana”. Dai hufungwa miezi 12 ikipita, kwa hiyo nenda ofisi ya WCF wiki hii, usingoje arobaini.