Mtoto Mzito wa Mikono Si Mvivu

Pengine umekwisha kumwona mtoto wa namna hii. Akiulizwa kwa mdomo hujibu vizuri. Akiambiwa aandike, herufi hupanda na kushuka, na kengele hulia hali hajafika nusu. Vifungo vya shati vimepishana, daftari la hesabu limesahauliwa nyumbani, na kidumu cha maji kinamwagika njiani. Mzazi husema ni mvivu, mwalimu husema ni mzembe, na fimbo hufuata.

Basi fahamu ya kwamba iko hali ambayo kwayo mtoto huelewa jambo, lakini ubongo wake huona taabu kupanga na kuongoza mwendo wa viungo. Wataalamu huiita dispraksia, nao hukadiria kuwa watoto 5 au 6 katika kila 100 wana taabu hii. Haitokani na uvivu wala uchawi, wala si alama ya upungufu wa akili. Fimbo haiwezi kuiondoa. Humwadhibu mtoto kwa jambo lisilo katika uwezo wake, hata mwishowe akaamini kuwa yeye ni mjinga. Hasara hiyo ni kubwa kuliko mwandiko mbaya.

Je, tumsaidieje? Tutazame wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wafanyao kazi usiku wa giza. Chomboni mwao taa, wavu na upo wa kutolea maji kila kimoja kina mahali pake, ili mkono ukifikie bila kutafuta. Mtoto huyu naye ahitaji mpango kama huo.

Kwanza, awe na mfuko mmoja, uwekwao mahali pamoja, naye aupange jioni, si asubuhi ya haraka.

Pili, madaftari yajaladiwe kwa rangi mbali mbali, na ratiba ibandikwe ndani ya jalada.

Tatu, kazi igawanywe kwa hatua. Akijifunza kufunga viatu, ashike hatua moja kwanza, ndipo aendee ya pili. Na azoee kazi ile ile kila siku kwa dakika chache.

Nne, mwalimu amketishe mbele, nyayo zikigusa sakafu, ampunguzie kunakili ubaoni na kumwongezea muda. Kipande cha mpira wa baiskeli kikizungushwa kwenye penseli, vidole hushika vema.

Walakini tujihadhari. Mama amfungiaye mwanawe vifungo kila siku kwa huruma, amemsaidia asubuhi ile tu. Mwonyeshe, kisha fanyeni pamoja, kisha mtazame, kisha mwache peke yake. Hata ndugu yake asimpangie mfuko. Amsomee orodha, na mwenyewe apange.

Lakini mtoto akianza kupoteza uwezo aliokuwa nao, huo waweza kuwa ugonjwa mwingine. Apelekwe upesi hospitali, kama ile ya Maweni. Wataalamu wa tiba kwa vitendo hufundishwa KCMC, Moshi. Safari ya Moshi ni ndefu kwa mtu wa Ujiji. Bali mfuko, ratiba na subira haviko mbali.

Basi, ewe mzazi, nawe mwalimu, kabla ya kuinua fimbo muulize mtoto: “Ni hatua gani inayokushinda?” Hapo ndipo pa kuanzia kumfundisha.