SOMO KWA MAKATIBU: TUHAKIKI KABLA YA KULIPA



Katika kazi ya ukaguzi nilipata kuhudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi ambao sitausahau. Wanachama 42 walikuwa wamechanga fedha za mbegu za mahindi. Katibu aliona tangazo katika kundi la WhatsApp: mbegu bora, bei ya chini kuliko ya duka la pembejeo mjini, na mzigo kuletwa bure hadi stendi. Akalipa kwa simu. Mifuko ilifika kwa basi siku ya tatu, ikagawiwa jioni ile ile. Mvua ikanyesha, siku zikapita, na mashambani ikaonekana miche michache tu, mmoja hapa na mwingine kule. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Mkutanoni wanachama walidai risiti. Haikuwapo. Walitaka kuona mfuko. Mifuko ilikwisha kuchomwa moto. Katibu alikuwa na ujumbe mmoja tu wa malipo, na jina la mpokeaji halikufanana na jina la duka lililotangazwa. Mzee mmoja akasimama akauliza: "Mwanangu, huyu uliyempelekea fedha zetu ni nani wako?" Mimi nilikuwa nimekwisha kagua vitabu vya katibu yule, na sikuona dalili yoyote ya wizi. Lakini sikuwa na karatasi hata moja ya kumtetea nayo. Msimu ulipotea, na heshima yake ikapotea pamoja nao.

Kwa ajili hiyo naandika somo hili. Shabaha yake ni moja: katibu ahakiki kabla ya kulipa, na atunze ushahidi baada ya kulipa.

Jambo hili si geni katika ushirika wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao wenyewe, wanaojua kusoma, wasimame penye mizani na kutazama uzito. Kutokana na juhudi za namna hiyo vyama vikaota mizizi, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Leo sehemu ya biashara imehamia katika simu, lakini wajibu ni ule ule: lazima awepo mtu wetu penye mizani.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, tumjue muuzaji. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) una mfumo katika mtandao ambamo mtu yeyote aweza kutafuta jina la kampuni na kuona kama limesajiliwa. Usajili peke yake si hati ya uaminifu. Lakini kampuni isiyoonekana popote haistahili kupewa fedha za wanachama.

Pili, tulitazame jina. Tunapolipa kwa simu, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hatujaingiza namba ya siri. Likiwa ni la mtu binafsi, hali tunanunua dukani, tusimame hapo hapo. Muuzaji anayesema "tuma upesi, mzigo unakwisha" anataka tusipate nafasi ya kufikiri.

Tatu, tuikague bidhaa kabla ya kuigawa. Mifuko ya mbegu iliyothibitishwa hubeba lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Lebo za kielektroniki zina namba iliyofunikwa. Mnunuzi huikwangua na kuihakiki kwa simu yake. Mfuko usio na lebo urudishwe, usigawiwe. Kwa mbolea mwenye mamlaka ni TFRA, na kwa viuatilifu ni TPHPA. Uzito nao upimwe katika mizani ya chama yenye alama ya Wakala wa Vipimo.

BAADA YA KULIPA

Tudai risiti ya mashine ya kielektroniki. Sheria humlazimu muuzaji kuitoa, na mnunuzi naye humlazimu kuidai. Risiti hiyo ina namba ya uhakiki; tukiiingiza katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) tutaona kama ni ya kweli. Kwa kuwa wino wake hufifia, itolewe kivuli siku ile ile.

Kila ununuzi ufunguliwe jalada lake. Ndani yake ziwekwe nakala ya tangazo, ujumbe wa malipo, risiti, lebo, na mfuko mmoja mtupu. Pakiti ndogo ya mbegu ibakizwe ghalani bila kufunguliwa hadi mavuno. Haya yote hayagharimu zaidi ya bahasha moja.

TUKIDHULUMIWA

Fedha zikitumwa kwa tapeli, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Tuiarifu mara moja kampuni ya simu, kisha polisi, tukachukue namba ya taarifa. Ujumbe wa kitapeli upelekwe katika namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Tusiufute kamwe kwa hasira wala kwa aibu.

Mfanyabiashara aliyetuhadaa kwa tangazo la uongo ashitakiwe kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo husimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza kumpotosha mteja kuhusu ubora, bei au asili ya bidhaa. Mbegu mbovu zipelekwe TOSCI, na vipimo vya uongo Wakala wa Vipimo. Barua iwe fupi: tulinunua nini, kwa nani, lini, kwa kiasi gani, na tunadai nini. Vielelezo viambatishwe kwa nakala; vile halisi vibaki chamani.

Ndugu zangu, huenda wengine wakasema kwamba utaratibu huu unachelewesha kazi. Ni kweli kwamba huchukua nusu saa. Lakini katibu yule wa mbegu angalitoa chochote aipate nusu saa ile, asimame mbele ya yule mzee akiwa na jalada mkononi. Jalada humlinda mwanachama dhidi ya mlaghai, nalo humlinda katibu mwaminifu dhidi ya shaka ya wenzake.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Je, chama chetu kina jalada la ununuzi wa pembejeo wa msimu uliopita? Kimekosa nini ndani yake?

2. Nani hushuhudia malipo ya simu pamoja na katibu? Kama hakuna, tumchague nani?

3. Mizani yetu ilikaguliwa na kupigwa alama lini?