Fahamu Afya Yako: Figo Zinavyotoa Asidi Kupitia Mkojo

Kila siku mwili hutengeneza asidi kutokana na chakula, hasa nyama, samaki, mayai na nafaka. Asidi hiyo isipotolewa, damu huchafuka na mwili huanza kudhoofika.

Madaktari hupima asidi kwa kipimo kiitwacho pH. Saba ni katikati, na kadiri nambari inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45.

Mapafu hutoa asidi inayoweza kugeuka hewa ya kaboni dioksidi. Inayobaki ni kazi ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni 1, na kila kichujio kina mrija wake. Seli za mirija hiyo hufanya kazi tatu:

1. Hurudisha kwenye damu baikaboneti, kemikali inayopunguza makali ya asidi.
2. Husukuma asidi kuingia kwenye mkojo.
3. Hutengeneza amonia, ambayo hunasa asidi hiyo ili nyingi itoke bila mkojo kuwa mkali kupita kiasi.

Ndiyo maana mkojo huwa na asidi kuliko damu. Kipimo chake mara nyingi huwa karibu 6, na kinaweza kushuka hadi 4.5.

Figo zikidhoofika, asidi hubaki mwilini. Mifupa hupoteza madini yake, misuli hupungua nguvu na mgonjwa huchoka. Hali ikizidi, hupumua kwa kasi. Hatari ni kwamba figo huharibika kimyakimya, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikuu.

Mkazi unashauriwa:

- Ikiwa una kisukari au shinikizo la damu, tumia dawa ulivyoelekezwa na uulize kuhusu kupimwa protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu angalau mara moja kwa mwaka.
- Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari.
- Usinywe magadi ukidhani unasafisha asidi. Magadi yana sodiamu nyingi, ambayo inaweza kupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa anayehitaji baikaboneti hupewa na daktari kwa kipimo.

Usisubiri maumivu. Fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe mapema.