Leo Tutakula Nini?

Katika nyumba nyingi za Kenya kuna swali linaloulizwa kila siku jua linapoanza kushuka: leo tutakula nini? Husikika kama swali dogo. Lakini wapo mume na mke waliokubaliana vizuri juu ya shamba, karo na ujenzi, na bado kila jioni wananuniana juu ya sahani ya sukuma wiki. Katika somo hili tutazame chakula cha jioni kama jambo la ndoa. Mkishapata kulizungumza pamoja, amani ya nyumba itaongezeka hata kabla chumvi haijaongezwa.

Mzigo usioonekana

Kupika si kusonga ugali tu. Kabla moto haujawashwa, kuna mtu ambaye ameshapima unga uliobaki kwenye mkebe, amekumbuka kwamba jana na juzi watoto walikula kabeji, amejua kuwa gesi inakaribia kwisha, na amehesabu pesa alizo nazo mara mbili. Fikira hizi zote huanza asubuhi. Asiyezibeba hawezi kuujua uzito wake, na ndiyo maana wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuchukue mfano. Mke anauliza, "Baba watoto, leo nipike nini?" Mume anajibu, "Chochote tu." Mke anafikiri peke yake, anakwenda sokoni, anapika. Saa mbili usiku mume anafunua sufuria na kusema, "Ndengu tena?" Maneno mawili tu, lakini kazi ya siku nzima imemwagika. Ewe mume, ujue kwamba "chochote" si jibu. Ukisema "chochote", basi kile kitakachowekwa mezani ni chaguo lako pia, nawe ukile kwa furaha. Kama unatamani kitu fulani, kitaje mapema, tena utaje na pesa zake.

Nawe mke, usifiche hesabu. Mume ambaye hajanunua nyanya tangu aoe hudhani bei ni ile ya siku ya harusi. Usinung'unike kimoyomoyo kwamba pesa hazitoshi, mwonyeshe. Vizuri zaidi, mpe kikapu siku moja aende sokoni yeye mwenyewe. Atakaporudi, mazungumzo yenu yatakuwa na adabu mpya.

Nyumba mbili, vyungu viwili

Kila mmoja wenu aliingia katika ndoa akiwa na ladha ya nyumbani kwao mdomoni. Mwanamume aliyekulia Kakamega anaweza kula sahani mbili za wali na bado akasema hajala, kwa sababu hajaona ugali. Mke aliyekulia Kilifi anaujua ugali huo kwa jina la sima, lakini moyo wake unatulia akisikia harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mmoja anatoka Machakos na kwake muthokoi ni chakula cha heshima. Mwenzake wa Kisumu anaona jioni bila samaki au mboga chungu ni jioni iliyopungukiwa. Hata githeri, ambayo kwa mmoja ni chakula cha mama yake, kwa mwingine ni kumbukumbu ya bweni na foleni ndefu.

Hapo ndipo sentensi mbaya huzaliwa: "Mama yangu hapiki hivi." Sentensi hiyo haimfundishi mke kupika. Humfundisha tu kwamba jikoni mwake yupo mpinzani asiyeweza kumshinda. Kama unapenda mrenda ulivyopikwa nyumbani kwenu, ingia jikoni mpike pamoja. Mwonyeshe kiasi cha magadi, mwambie mboga gani huchanganywa nao, au mwombe mama akiwatembelea amfundishe kwa upole. Kisha nawe jifunze kukuna nazi na kuchuja tui. Watoto wenu watakua na ladha mbili, na hiyo ni mali. Vyakula vyetu vya asili si vya kuonewa aibu: mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliingiza juhudi za Kenya za kulinda vyakula hivyo katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Kaeni chini, andikeni

Dawa ya swali la kila jioni ni kulijibu mara moja kwa wiki. Jumapili mchana, chukueni karatasi na kalamu, mkae wawili, na watoto wakubwa wakiwepo. Pangeni siku saba. Huu ni mfano tu. Ubadilisheni kulingana na mfuko wenu:

Jumatatu: ugali na mnavu au terere.
Jumanne: wali na maharagwe.
Jumatano: ugali na omena.
Alhamisi: githeri yenye viazi na karoti.
Ijumaa: chapati na ndengu.
Jumamosi: zamu ya baba na watoto kupika.
Jumapili: nyama au kuku, kama pesa zipo, kama hazipo, mayai na mboga.

Mkitazama orodha hii mtaona kwamba nyama imeonekana siku moja tu, na bado watoto hawatadhoofika. Nafaka kama mahindi na mchele, zikiliwa pamoja na maharagwe au ndengu, hukamilishana katika kujenga mwili. Omena huliwa nzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo huupa mwili madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa. Mboga za majani na maharagwe zina madini ya chuma yanayosaidia damu, na mwili huyapokea vizuri zaidi mkila pia chungwa, au mkikamulia ndimu. Chai ya majani, kwa upande wake, huyazuia. Afadhali iachwe mpaka saa moja hivi ipite baada ya kula.

Mpango huokoa moto pia. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, yakamwagwa maji na kupikwa kwa maji mapya, huiva upesi. Ila yatokote sawasawa mpaka yalainike kabisa, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayovuruga tumbo. Chemsheni kiasi cha siku mbili kwa pamoja. Kama mna friji, yapoe kisha yahifadhiwe humo. Kama hamna, pikeni kiasi cha kumalizwa siku hiyo.

Na ile zamu ya Jumamosi isichukuliwe kama mzaha. Mwanamume anayeweza kusonga ugali na kukaanga mayai hajapungukiwa na kitu. Siku mke atakapokuwa hospitalini amejifungua, au amechelewa kazini kwa sababu ya msongamano wa magari, watoto hawatalala njaa wakimtazama baba yao akipiga simu. Yeyote anayefika nyumbani wa kwanza na awashe jiko.

Jirani amepika nini?

Akina mama wana desturi nzuri ya kuulizana kwa mama mboga au kwenye chama, "Wewe jana ulipika nini?" Kwa njia hiyo mtu hutoka katika mazoea. Aliyechoka na omena zenye harufu huambiwa azioshe kwa maji moto, azikaange mpaka zikauke, ndipo aongeze kitunguu, nyanya, dania na ndimu. Aliyezoea kutupa majani ya kunde hujifunza kuyapika kwa tui. Jirani hukuletea bakuli la mukimo, nawe hulirudishi likiwa tupu. Akina baba nao wangefaidika wakiulizana swali hilo, badala ya kuzungumza mpira peke yake.

Lakini kuna mipaka miwili. Kwanza, ulichosikia kwa jirani usikigeuze fimbo. "Kwa akina fulani hula pilau kila Ijumaa" ni maneno ya kumuumiza mwenzio, iwe ni mke aliyepika au mume aliyetoa pesa. Pili, mgawane mapishi, msigawane siri. Jinsi ya kupika ndengu ni ya wote. Kwamba juzi mlilala na uji kwa sababu mshahara umechelewa ni habari ya nyumba yenu.

Sahani iliyofunikwa

Mwisho tuseme juu ya sahani inayongoja. Katika nyumba nyingi chakula hufunikwa, kikapoa, na mwenyewe akifika saa nne usiku husema, "Nimeshiba." Ameshakula nyama choma na marafiki, na watoto wake wamekula ugali kwa supu. Kinachomuumiza mke hapo si ule ugali uliopoa. Kinachomuumiza ni kujua kwamba kitamu kililiwa mbali na waliomngoja. Kama utachelewa, sema mapema. Kama umepata kitamu, beba kidogo uje nacho. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo. Nani ndugu wa karibu kuliko uliyemwoa?

Na mnapokula pamoja, simu na televisheni zipumzike. Habari ya mtoto aliyechekwa shuleni haitolewi kwa mzazi anayetazama kioo. Aliyepika ashukuriwe kila siku, hata kama chumvi imezidi. Habari ya chumvi isemwe kesho, taratibu, mkiwa wawili.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni chakula gani cha nyumbani kwenu ambacho hujakionja tangu muoane? Je, mwenzako anajua?
2. Katika wiki iliyopita, ni nani aliyefikiria kila jioni mtakula nini?
3. Ni neno gani kuhusu chakula lililowahi kukuumiza, nawe ukanyamaza?
4. Ni jioni ngapi kwa wiki mnaweza kukaa wote kuzunguka sufuria moja? Chagueni idadi mtakayoiweza, muiandike kwenye karatasi ile ile ya mpango wa wiki, na muibandike jikoni.