Jasho la Mkimbiaji

Chukua mkimbiaji wa kilo 60, mweke Segera, pale barabara itokayo Chalinze inapogawanyika, moja ikienda Tanga na nyingine Korogwe hadi Moshi. Mwambie akimbie kuelekea Hale, saa saba mchana, mwezi wa Februari. Mapafu na miguu tuviache kwanza, tuhesabu joto.

Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake. Huyu atatumia 60. Misuli hugeuza kama robo tu ya nishati hiyo kuwa mwendo. Robo tatu, yaani kilokalori 45, huwa joto papo hapo. Kuupasha mwili wa kilo 60 kwa nyuzijoto moja kunahitaji kilokalori 50 hivi. Basi joto lisipopata pa kutokea, mwili utapanda karibu nyuzijoto moja kila kilomita. Ameanza na 37. Kilomita ya sita haijaisha, amefika 42, na hapo ubongo uko hatarini.

Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, hubeba sehemu ya joto hilo. Mchana wa kiangazi nyanda hizi za chini hazina hewa ya namna hiyo, kwa hiyo linabaki jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Ni kazi ileile inayofanyika kwenye mtungi wa udongo: maji yanayopenya nje hukauka, ya ndani yanapoa. Jasho linalodondoka barabarani halijapoza chochote. Hewa yenye unyevu nayo hukausha polepole, ndiyo maana joto la Tanga huchosha kuliko la Dodoma.

Mwaka 1912, kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Stockholm, jua lilikuwa kali na karibu nusu ya walioanza hawakumaliza. Mreno Francisco Lázaro, anayesimuliwa kuwa alijipaka nta ili asiungue na jua, alianguka njiani na kufariki siku iliyofuata. Ukiziba ngozi, umeziba mlango wa mwisho.

Alphonce Simbu wa Singida alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Septemba 2025 alitwaa dhahabu Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Mbio zile zilianza saa 1:30 asubuhi, nusu saa kabla ya muda uliopangwa, kukwepa joto. Bingwa wa dunia alikwepeshwa jua la asubuhi. Sioni ushujaa wa kulikabili la saa saba.

Mwili huzoea joto kwa wiki mbili hivi za mazoezi: hutoa jasho mapema, kwa wingi, lenye chumvi kidogo. Kijana wa Segera, anza alfajiri, ongeza mwendo kidogo kidogo, na ukisikia baridi ghafla juani, simama, tafuta kivuli, jimwagie maji.